Uzi wa Kioo Kati ya Kibaha na Kisarawe

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, nyinyi wa Kibaha, kutoka Maili Moja, Tumbi na Mlandizi, na nyinyi wa Kisarawe mnaokaa juu ya vilima vya Pugu. Leo nawasimulia habari za uzi wa kioo: ulivyozaliwa, ulivyofika kwetu, na namna fundi mwenye akili anavyouchagua pamoja na vichwa vyake. Ni hadithi ya kweli, na ndani yake mna hesabu. Msiikimbie hesabu, maana ndiyo utamu wenyewe.

Kwanza fungueni ramani ya Tanzania mtazame Dar es Salaam. Mashariki yake ni bahari. Pande nyingine zote, anayetaka kutoka kwa nchi kavu ni lazima akanyage ardhi ya Mkoa wa Pwani. Ndiyo maana kila kitu kinachokwenda bara kimepita kwetu. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 waliipandisha Pugu, wakaipitisha Soga, ikavuka Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Habari zimefuata mkondo huohuo. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, waya wa shaba uliopitisha herufi moja moja kwa vidoti na mistari.

Baada ya shaba kikaja kioo. Tarehe 23 Julai 2009 Rais Jakaya Kikwete, ambaye kwao ni Msoga, humuhumu mkoani kwetu, alizindua Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, kebo ya nyuzi za kioo. Mwaka uliofuata ukaanza kazi mkongo mwingine, EASSy. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipanda angani kwenye satelaiti kisha ikashuka, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kampuni ya CITCC ya China ilifanya ujenzi, na shirika la simu la TTCL likakabidhiwa kuuendesha, hadi leo umefika mikoani na kwenye mipaka ya majirani zetu.

Ajabu ni kwamba mwezi Oktoba mwaka huohuo, mzee mmoja aitwaye Charles Kao alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa jambo alilolifikiria miaka 43 nyuma. Mwaka 1966, akiwa kwenye maabara huko Harlow, Uingereza, yeye na mwenzake George Hockham waliandika kwamba mwanga ungeweza kubeba sauti na picha kupitia uzi wa kioo. Watu waliona ni ndoto. Kioo cha wakati ule kilimeza mwanga kiasi kwamba baada ya makumi machache ya mita hapakubaki kitu. Kao akasema kosa si la kioo. Kosa ni la uchafu uliomo ndani yake, chembe za chuma na madini mengine. Safisheni kioo, akasema, na mwanga utapita. Likumbukeni jina la adui huyo, uchafu, maana tutakutana naye tena mwisho wa safari.

Hapa sina budi kuwafundisha kipimo kimoja. Mafundi hupima upotevu wa mwanga kwa desibeli. Ukipoteza desibeli 3, umebaki na nusu ya mwanga. Ukipoteza 10, umebaki na sehemu moja ya kumi. Ukipoteza 20, umebaki na sehemu moja ya mia. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba upotevu wa kila kipande cha njia unajumlishwa tu, kama mnavyojumlisha shilingi. Kao alisema tukipata kioo kinachopoteza desibeli 20 kwa kilomita, kazi itawezekana. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walikipata. Leo kioo kizuri hupoteza desibeli 0.2 tu kwa kilomita. Maana yake, mwanga ukisafiri kilomita nzima ndani ya kioo, zaidi ya asilimia 95 unafika.

Lakini mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unawezaje kupinda kona? Jaribuni wenyewe usiku. Chukueni chupa ya plastiki, mtoboe tundu dogo ubavuni karibu na kitako, mjaze maji. Mmoja wenu amulike tochi ya simu kutoka ubavu wa pili, akilenga tundu. Maji yatatoka yakijipinda kwenda chini, na mwanga utajipinda nayo. Weka kiganja pale maji yanapoangukia, utaiona nuru kiganjani. Jean-Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva, Uswisi, jambo hili miaka ya 1840. Sababu yake ni kwamba mwanga ukigonga mpaka wa maji na hewa kwa mshazari mkali, hautoki nje. Unarudishwa ndani wote, unagonga upande wa pili, unarudishwa tena, na hivyo unasonga mbele.

Uzi wa kioo, ambao mafundi huuita faiba, umetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Katikati kuna kiini cha kioo kilichotiwa kiasi kidogo cha jerimaniamu, ambayo huufanya mwanga uende polepole kidogo zaidi. Kukizunguka kiini kuna gamba la kioo kisichotiwa kitu hicho. Mpaka wa vioo viwili hivyo ndio ukuta unaourudisha mwanga ndani. Juu ya gamba hupakwa plastiki nyembamba ya kuulinda uzi. Ndani humo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 40 huzimaliza kwa sehemu moja ya elfu tano ya sekunde.

Sasa tujenge njia yetu vichwani. Kibaha kuna Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na ndani yake ipo Shule ya Sekondari Kibaha. Kisarawe kuna Minaki, shule iliyoanza mwaka 1925 chini ya wamisionari wa Kianglikana. Tuseme tumepewa kazi ya kuziunganisha shule hizi mbili kwa mtandao wenye uwezo mkubwa, ili mwalimu wa fizikia wa upande mmoja afundishe darasa la upande wa pili na picha isigande. Kwa ndege anayeruka moja kwa moja ni kilomita ishirini na kitu. Kebo hairuki; inafuata barabara, inazunguka vilima, inakwepa msitu wa hifadhi. Tuweke kilomita 40.

Fundi asiye na haraka huanza na umbali kabla hajagusa orodha ya bei. Umbali ndio unaomwambia achukue familia ipi kati ya familia mbili za faiba. Ipo faiba ya modi nyingi, yaani njia nyingi za mwanga, yenye kiini cha maikromita 50, au 62.5 kwa zile za zamani. Ipo faiba ya modi moja, yenye kiini cha maikromita 9 hivi. Milimita moja ina maikromita elfu moja, kwa hiyo vyote viwili ni vyembamba mno.

Fikirini wanafunzi wakitoka darasani kukimbilia lango la shule kupitia uwanja mpana. Kengele imelia mara moja, wametoka pamoja, lakini mmoja amenyoosha, mwingine amepita chini ya mwembe, wa tatu ameyumba huku na huku. Langoni wanafika kwa nyakati tofauti, na darasa la pili likitolewa haraka, wa mbele wa darasa hilo watachanganyika na wa nyuma wa darasa la kwanza. Wapitishe kwenye kijia kinachotosha mtu mmoja, watafika kwa mpangilio waliotoka nao. Kiini kipana ndio uwanja na kiini chembamba ndicho kijia. Katika kiini kipana miali hupita njia nyingi, inachelewana, na ishara zilizofuatana zinavurugana. Kadiri njia inavyorefuka na kasi inavyopanda, ndivyo vurugu inavyozidi.

Mtaona jambo hilo kwenye tarakimu. Faiba ya modi nyingi ya daraja la OM3 hubeba gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 300, na ya OM4 hadi mita 400. Ukipandisha kasi hadi gigabiti 100, OM3 inakwama mita 70 na OM4 mita 100. Ndani ya chumba cha mitambo, kutoka kabati moja hadi jingine, inatosha na vifaa vyake vya kumulika ni nafuu. Lakini hata ndani ya eneo la Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule, vyuo na ofisi zilizotawanyika, mita 100 haziwezi kukupeleka popote pa maana. Kutoka Kibaha hadi Kisarawe hakuna hata cha kujadili: ni modi moja.

Nawaambia na maoni yangu, ingawa wapo mafundi watakaobisha: hata kwa majengo ya shule moja, ningelaza modi moja. Vifaa vya kumulika hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini kioo kilichozikwa ardhini kinakaa miaka ishirini na zaidi. Kioo cha modi moja hakitakuzuia kupandisha kasi siku za usoni. Cha modi nyingi kitakuzuia, nawe utalazimika kuchimba upya.

Na mkiingia dukani, msibabaishwe na macho. Familia zote mbili zina gamba lenye upana uleule wa maikromita 125, kwa hiyo uzi mtupu huwezi kuutambua. Nyaya fupi za ndani hutofautishwa kwa rangi ya ganda: njano ni modi moja, rangi ya chungwa ni modi nyingi za zamani, OM1 na OM2, rangi ya bahari ya kina kifupi, kati ya bluu na kijani, ni OM3 na OM4, kijani cha ndimu ni OM5. Kebo za nje hazina mapambo hayo. Kwa kawaida huwa nyeusi, kwa sababu plastiki iliyotiwa masizi huvumilia jua. Hapo ni kusoma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda. Kwa njia yetu tutafute G.652.D, ambayo ndiyo faiba ya kawaida ya masafa marefu. Kwa sehemu zenye kona nyingi, kama ndani ya nyumba, kuna G.657.A, inayovumilia kupindwa. G.652.D hutaka mviringo wenye nusu-kipenyo cha milimita 30, ambapo G.657.A2 hukubali milimita 7.5. Ukiipinda faiba kupita kiasi chake, mwanga unavuja pale kwenye kona, na kwa nje hutaona kasoro yoyote.

Ganda la nje nalo linachaguliwa kwa kutazama ardhi. Pembeni mwa barabara iliyo na nguzo, mafundi hutundika kebo iitwayo ADSS, inayojibeba yenyewe kwa nyuzi imara zisizo za chuma, kwa hiyo haiogopi nguzo za umeme. Juu kabisa ya minara ya umeme wa msongo mkubwa hupita OPGW, waya wa kukinga radi wenye faiba ndani ya tumbo lake. Ardhini ukiwa na bomba la plastiki unapitisha kebo nyepesi. Bila bomba unahitaji kebo yenye deraya ya chuma, maana panya na mchwa wa Pwani hawana huruma. Ndani ya kebo huwekwa jeli au unga unaovimba ukiguswa na maji, ili mvua ya masika ikiingia mahali pamoja isitembee kilomita nzima. Karibu na reli ya SGR, inayoendeshwa kwa umeme wa kilovolti 25, kioo kina faida nyingine kubwa: umeme haukisumbui. Waya wa shaba uliolala sambamba na nyaya zile ungeokota makelele. Mwanga hausikii chochote.

Kwa Kibaha na Kisarawe mimi ningezika kwenye bomba pale ambapo barabara haitapanuliwa tena, na ningetundika ADSS kwenye miteremko ya Pugu ambako kuchimba ni kuumiza mlima. Nyote mmeiona Barabara ya Morogoro ilivyopanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha. Barabara ikipanuka, vilivyolala kando yake husogezwa, na tingatinga haliulizi kuna nini chini. Ningeweka pia nyuzi 48 badala ya 12. Gharama kubwa iko kwenye kuchimba na vibali. Nyuzi za ziada huongeza kidogo tu.

Sasa leteni daftari tufanye hesabu ya mwanga. Faiba hubeba mwanga usioonekana kwa jicho, na mafundi huuchagua kwa urefu wa wimbi. Kwa nanomita 1310 kioo hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita. Kwa nanomita 1550 hupoteza kama 0.2. Zidisheni kwa 40. Wa kwanza amepoteza desibeli 14, wa pili 8. Kwa hiyo tunachukua 1550. Kebo huja kwenye magurudumu makubwa ya mbao. Tuseme kila gurudumu lina kilomita 4. Tutahitaji magurudumu 10, yenye maungio 9 kati yake, na maungio mengine mawili kwenye ncha. Jumla ni 11. Maungio hayo hufanywa kwa mashine inayoyeyusha ncha mbili za kioo kwa cheche ya umeme hadi ziwe kitu kimoja, na tukipangia kila ungio desibeli 0.1 tunapata 1.1. Konekta mbili, yaani vichwa vya uzi, moja kila upande, tuzipe 0.5 kila moja: desibeli 1. Jumlisheni: 8 na 1.1 na 1 ni 10.1.

Kifaa cha kumulika cha gigabiti 10 kilichoandikwa kilomita 40 huvumilia upotevu wa karibu desibeli 11. Mwenye pupa atasema tumefaulu. Mwenye busara atauliza: kebo ikikatwa mara mbili na kuungwa, je? Konekta ikichakaa, je? Tumebakiwa na akiba isiyofika desibeli 1, na kawaida ya kazi ni kuacha desibeli 3. Basi tunachukua kifaa cha kilomita 80. Hicho nacho kina nguvu mno kwa njia yetu. Kinaweza kuuzidi uwezo wa kipokezi cha upande wa pili, kwa hiyo tunaweka kidude kidogo cha kupunguza mwanga. Kuchagua ndiko huko: kidogo mno ni hasara, na kingi mno ni hasara.

Je, gigabiti 10 zikiisha? Hatuchimbi tena. Kwenye uzi uleule tunapitisha mawimbi mengi ya urefu tofauti kwa pamoja, kila moja na mzigo wake, na mwisho wa njia tunayatenganisha. Mifumo ya kawaida hupitisha mawimbi 96 kwenye uzi mmoja. Kila moja likibeba gigabiti 100, jumla ni gigabiti 9,600 kwa sekunde. Hii ndiyo sababu mkongo wa taifa zima unaweza kukaa ndani ya nyuzi chache zilizolazwa vizuri.

Tumefika kwenye vichwa, yaani konekta, na hapa naomba masikio yote. Uzi ukiwa mzima ardhini, mtandao mwingi hufa kwenye ncha zake.

Konekta kazi yake ni kukutanisha viini viwili vya maikromita 9 uso kwa uso bila kupishana. Ndani yake mna kijiti cha kauri kilichotobolewa katikati, na uzi umepita tunduni. Aina ya SC ni ya mraba, unaisukuma inajifunga, na kijiti chake kina kipenyo cha milimita 2.5. Aina ya LC ni ndogo, kijiti chake ni milimita 1.25, na kwa kuwa inachukua nusu ya nafasi ndiyo inayotawala kwenye swichi na ruta za leo. Zipo ST na FC, ambazo bado mtazikuta kwenye mitambo ya zamani. Na ipo MPO, inayokusanya nyuzi 12 au zaidi ndani ya kichwa kimoja, kwa vituo vya data vyenye kasi kubwa. Kwa njia yetu: LC kwenye swichi kila upande, SC kwenye kabati ambako kebo ya nje inaishia.

Zaidi ya umbo, tazameni rangi ya konekta ya modi moja. Ya bluu huitwa UPC, uso wake umesuguliwa wima. Ya kijani huitwa APC, uso wake umesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8. Mwanga unapofika kwenye uso wa kioo, kiasi kidogo hurudi ulikotoka na kuusumbua mtambo unaomulika. Kwenye bluu nzuri hurudi sehemu moja ya laki moja. Kwenye kijani sehemu moja ya milioni, kwa kuwa mshazari huutupa mwanga pembeni. Faiba inayoletwa majumbani kwa kawaida hutumia SC ya kijani. Sasa sikieni vizuri: kijani na bluu hazikutanishwi kamwe. Zinaingia, zinabana, kwa nje unaona sawa, lakini wima na mshazari hugusana kwa ukingo tu. Katikati inabaki hewa, mwanga unapotea, na nyuso za kioo zinaweza kuchubuka. Fundi anayeziingiza kwa nguvu anaua konekta mbili kwa mkono mmoja.

Na sasa adui yetu amerudi. Kao aliwafundisha walimwengu kuondoa uchafu ndani ya kioo, nao wakauondoa. Uchafu uliobaki uko nje, kwenye ncha. Chembe moja ya vumbi yenye upana wa maikromita 9 inaziba kiini chote. Vumbi la barabara za Kisarawe lina chembe za ukubwa huo bila idadi, na jasho la kidole lina mafuta. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kukagua kwa hadubini ya faiba, kusafisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi, au kwa kalamu ya kusafishia, kisha kukagua tena kabla ya kuchomeka. Kifuniko cha plastiki hakitoshi, kwani chenyewe huweza kuwa kimebeba vumbi. Kupuliza kwa mdomo ni kosa, maana mate ni uchafu. Nimeona watu wakilaumu kebo ya mamilioni, wakitaka kuifukua, na tiba ilikuwa ni kufuta kichwa kimoja.

Kuna jambo la hatari ambalo sitaki mtoto yeyote aondoke bila kulijua. Msichungulie ncha ya faiba. Mwanga wa nanomita 1550 hauonekani, hivyo jicho halitafumba, na mwanga wenye nguvu unaweza kulidhuru mkiwa hamjui. Vipande vya uzi uliokatwa navyo ni miiba ya kioo inayoingia ngozini na ni vigumu kuitoa. Mkivikuta chini baada ya mafundi kuondoka, msivishike.

Bado swali moja: hata tukichagua vizuri namna gani, kebo ikikatika? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika yote miwili baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota vibaya hapa Tanzania na kwa majirani. Miwili ilikuwepo, ila yote ilipita eneo lilelile. Kwa hiyo njia yetu ya Kibaha na Kisarawe nisingeiacha peke yake. Ningetafuta njia ya pili inayoingia Kisarawe kwa upande mwingine kabisa, isiyotumia daraja lilelile wala mtaro uleule, hata kama ni ndefu na ina kasi ndogo.

Kazi hii inahitaji vijana, na inafundishika. Chuo cha VETA Pwani kiko hapahapa Kibaha, na sura ya mwanga kwenye kitabu chenu cha fizikia, ile ya mwanga kupinda na kurudishwa, ndiyo mlango wake. Muulizeni mwalimu maswali mpaka achoke.

Na lipo mnaloweza kulifanya leo hii. Watu wengine hukata kebo usiku wakidhani wamepata shaba ya kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu. Waambieni ndugu na majirani zenu kwamba ndani ya faiba hamna shaba. Uzi wenyewe ni kioo na plastiki, haviuziki popote, na pale kebo inapokatwa huenda hospitali, shule na benki vinanyamaza kwa pamoja. Mkiona tingatinga limefukua utepe wa tahadhari uliofukiwa juu ya kebo, mkimbilieni mkubwa aliye karibu asimamishe kazi kwanza, ndipo muulize kilichozikwa hapo.